Nimeulizwa "wewe je?" nikakosa jibu

Wiki iliyopita niko kazini breki ya usiku, mwenzangu mmoja ambaye hana dini kabisa kanikuta nasoma Luka 2 kwenye simu, akaniuliza inasema nini. Nikamweleza, mtoto kazaliwa, kalazwa kwenye hori ya kulia ng'ombe, wachungaji wakaletewa habari usiku wakiwa zamu. Neno zamu limo kwenye Biblia yetu kabisa, walikuwa wanalinda kundi kwa zamu, na mimi mtu wa shifti hapo huwa napapenda sana. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema sawa, na wewe je? Wewe umemjibu nini huyo mtoto?

Jamani nilikwama. Mimi niliyekariri mistari yote hiyo tangu sijaota meno ya pili.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nyumbani ukiambiwa Kristo amezaliwa unaitika amina pamoja na wote, na ile amina ya watu mia tano inakubeba, huna hata haja ya kujua yako iko wapi humo ndani. Huku ughaibuni sasa, Krismasi ni taa kila dirisha, muziki kila kona, na mwenye sikukuu hatajwi, watu wazima wanaona aibu kulitamka jina lake, na hilo linaniuma mpaka leo sijalizoea. Ila ukimya huohuo ndio umenivua ile amina ya kuazima.

Najua mtasema huyu kapanda ndege juzi leo anatufundisha Ukristo. Hapana ndugu zangu. Imani nimeipata kwa mama na bibi, watu wanaomshukuru Mungu kwa moyo wote huku Januari inawasubiri mlangoni, na hiyo Januari mnaijua. Shukrani ya namna ile sijaiona huku na najivunia nilikotoka. Lakini fungueni Mathayo 2. Herode alipouliza Masihi anazaliwa wapi, makuhani wakuu na waandishi walijibu palepale, Bethlehemu, na andiko la nabii wakalitoa. Hawakukosea hata kidogo. Na kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu ni kama kilomita 9 tu, unatoka asubuhi kwa mguu unafika jua halijawa kali, lakini Mathayo hatuambii kama hata mmoja wao aliinuka akaenda. Waliokwenda ni wageni, mamajusi waliotoka mbali mashariki wakifuata nyota. Mimi miaka yote nilikuwa na wale waandishi, najua pa kumpata na siendi.

Mwingine ataniletea ya Desemba 25, kwamba Biblia haina tarehe. Ni kweli haina, hiyo tarehe tunaikuta kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354, na Waorthodoksi wa Ethiopia wao wanasherehekea Januari 7. Haya umeshinda ubishi, umemjibu sasa? Maana malaika alisema leo amezaliwa, kwa ajili yenu, na wale wachungaji hawakubaki kondeni kujadili, walikwenda mbio.

Na kinachonimaliza nguvu ni kwamba huyo mtoto naye alibebwa usiku akapelekwa Misri, ugenini, wazazi wake wakikimbia kuuawa kwake. Nyumbani niliipita hiyo sehemu haraka kila mwaka. Huku nimeisoma nikiwa peke yangu chumbani nikalia, nikamwambia kwa sauti, Bwana, ulikuja kwa ajili yangu pia, nakupokea. Sikuwa na kwaya wala mtu wa kuitikia.

Jana nimemtafuta yule mwenzangu wakati tunabadilisha nguo za kazi, nikamwambia lile swali lako ninalo jibu, nikamsimulia vilevile. Akanyamaza kidogo. Akasema asante kwa kuwa hujanikwepa, halafu akaniomba nimsomee ile habari tena, kuanzia pale wachungaji walipokuwa zamu.