Mpe Kitanda, Kisha Mpe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumuiya za Emmaus zinalifuata neno hilo kwa watu wasio na makao. Ya kwanza ilianzia Neuilly-Plaisance, kando ya Paris, mwaka 1949, pale padri Mfaransa Abbé Pierre alipomwomba Georges Legay, mfungwa wa zamani aliyekuwa amejaribu kujiua, amsaidie kuwajengea wengine nyumba. (Padri huyo alifariki 2007. Mwaka 2024 Emmaus wenyewe walitangaza tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi yake, na walifanya vyema kutoficha.)

Uingereza jumuiya ya kwanza ilifunguliwa Cambridge mwaka 1992. Anayepokelewa hupata chumba chake, chakula na posho ya kila wiki. Naye huacha mafao ya serikali, isipokuwa yale ya kodi ya nyumba, na hufanya kazi kadiri ya uwezo wake: kubeba, kukarabati, kuuza dukani, kupika. Posho si mshahara, na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Jumuiya isiyomfundisha mtu ufundi wala kumwandalia njia ya kutoka inamtumia tu, hata kama chumba ni safi.

Duka la mitumba ndilo linalolipa sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo ubora wa vitu ambavyo watu huvitoa ni suala la riziki. Wengi hutoa kwa moyo mweupe, lakini hawajui kinachokwamisha. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1988, sofa au kiti cha mito kinachouzwa lazima kikidhi viwango vya usalama wa moto, na duka kama hili kwa kawaida halikiuzi bila lebo ya kudumu inayothibitisha hivyo; vilivyotengenezwa kabla ya 1950 vimesamehewa. Lebo hiyo hushonwa chini ya mito au chini ya kiti, na watu huikata kwa sababu inawakera. Ikishakatwa, sofa nzima kabisa inaishia jalalani, na jumuiya ndiyo inayolipia kuitupa. Basi ikague lebo kabla hujaita gari lije kuichukua sofa.

Vifaa vya umeme hupimwa kwanza: waya, plagi, fyuzi. Kilichochubuka waya kisemwe mapema, kisifichwe katikati ya boksi. Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, ikaushwe na mlango uachwe wazi kidogo. Ikifungwa na unyevu huota ukungu, na harufu yake haitoki upesi. Kitanda kikifunguliwa, skrubu zake zote zitiwe kwenye mfuko na mfuko ubandikwe kwa utepe wa gundi kwenye ubao wa kichwani. Skrubu zikipotea, fundi hupoteza muda mwingi akitafuta za kufanana, na mara nyingine hazipatikani.

Nguo zifuliwe, na viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba zake.