Mmoja Anataka Talaka, Mwingine Hataki: Sheria Imwegemee Nani?

Talaka ambayo wote wawili wameiafiki haina kelele nyingi. Shughuli inaanza pale mmoja anaposema amechoka na mwenzake anajibu, "Siachwi mimi." Hapo ndugu wanagawanyika, viongozi wa dini wanaitwa, na mwisho wa yote shauri linaangukia kwa hakimu. Je, mtu azuiwe kutoka kwenye ndoa kwa sababu mwenzake hataki?

Kwa Tanzania Bara jibu liko kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mahakama haivunji ndoa kwa kuwa mmoja amechoka. Lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na sheria imetaja mambo yanayoweza kuonyesha hivyo: ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua 3, kifungo kirefu, na mengine. Ndoa ambayo haijafikisha miaka 2 haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa ya mahakama. Na kabla ya yote hayo, mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati, na bila hati hiyo mlango wa mahakama kwa kawaida haufunguki. Ndoa za Kiislamu nazo zimo: talaka iliyotolewa baada ya baraza kushindwa ndiyo mahakama inayoipokea kuwa uthibitisho kwamba ndoa imekwisha.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, na mimi siidharau. Mfikirie mama aliyeolewa miaka 20 iliyopita, aliyelea watoto wanne, na nyumba imeandikwa jina la mume. Mume kapata mwingine, sasa anataka hati ya talaka haraka ili maisha yaendelee. Kukataa kwa mama huyu hakutokani na ubishi. Ndicho kitu pekee kinachomlazimisha mume akae mezani na kuzungumza. Ukiifanya talaka iwe jambo la kujaza fomu na kusubiri siku chache, atajikuta nje na sanduku la nguo. Wazee wa baraza nao si wa kubezwa. Wapo waliowaokoa watu waliofika kwao kwa hasira ya wiki moja, wakakuta tatizo ni deni ambalo mume alilificha au mama mkwe aliyehamia bila taarifa.

Lakini njoo upande wa pili. Mwanamke aliyevunjwa mkono anaenda kwenye ofisi ya kata. Wajumbe wamekaa nyuma ya meza, daftari limefunguliwa, na swali la kwanza analoulizwa ni, "Ulimkosea nini mwenzako?" Anapewa barua ya wito ampelekee mume aliyempiga. Mume haji. Barua ya pili, haji. Ya tatu, haji. Miezi inakwenda, naye bado analala nyumba ileile, au amejibanza kwa dada yake na watoto wawili. Sheria yenyewe haikukusudia hivyo. Kifungu cha 101 kinasema wazi kwamba anayeitwa na baraza akakaidi kwa makusudi hawezi kumfungia mwenzake njia, na kwamba mahakama inaweza kupokea shauri bila hati pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapofanya usuluhishi usiwezekane. Ni wangapi huambiwa hivyo siku ile ya kwanza?

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa sana, nayo inaniuma zaidi. Baraza likiandika hati vibaya, au likiandika barua ya kawaida isiyosema kwamba usuluhishi umeshindikana, kosa hilo linaweza kulala hadi rufaa. Mtu ameshapata talaka na mgawo wa mali, kisha mahakama ya juu inaona hati haikidhi matakwa ya sheria na kufuta mwenendo wote. Arudi mwanzo. Kosa ni la mjumbe aliyeandika, mzigo ni wa mwombaji. Ndiyo maana anayeanza safari hii aisome hati kabla hajaondoka ofisini: majina yote mawili yawe sahihi, itamke kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha, na ipelekwe mahakamani kabla ya miezi 6 kupita.

Sasa nirudi kwa yule mama anayekataa kuachwa. Je, kukataa kunamlinda kweli? Kwa maoni yangu kunamlinda kidogo mno. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, ama baada yake. Maana yake, kadiri anavyong'ang'ania ndoa iliyokwisha, ndivyo haki yake kwenye mali inavyobaki kuelea, huku mume akiwa na muda wa kuhamisha kiwanja kimya kimya. Ulinzi wa kweli uko kwingine. Kifungu cha 59 kinamkataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwenye msajili wa hati. Na kama dini au moyo haumruhusu kuitwa mtalaka, anaweza kuomba amri ya kutengana, mali ikagawanywa ilhali ndoa ipo.

Kwenye mgawo, kinachoamua ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, enzi za Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Hata hivyo mama wa shauri lile lenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa Mahakama iliona alizitapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi. Kenya nako, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, mchango lazima uthibitishwe. Kwa hiyo hakimu akiuliza, "Ulichangia nini?", jibu la "Nilikuwa mke wake" ni la haki lakini halitoshi. Aseme nani alisimamia mafundi mume akiwa safarini. Alete daftari la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, linaloonyesha mkopo ulionunua mabati, risiti ya saruji, ujumbe wa M-Pesa kwa fundi, jirani aliyemwona akiuza vitumbua alfajiri.

Watoto hawagawanywi hivyo. Sheria inadhani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 abaki na mama. Aliye mkubwa wa kutosha kuwa na mawazo yake husikilizwa, na ustawi wake hutangulia matakwa ya wazazi wote wawili.

Nikipima pande zote, naona tumeuwekea ugumu mlango usiohitaji. Tumeufanya mgumu wa kutokea, tukauacha mwepesi ule wa kufichia mali. Kuurahisisha wa kwanza bila kuukaza wa pili kutawaumiza kina mama wasio na hati za mali kwa majina yao, hapo nakubaliana na watetezi wa utaratibu wa sasa. Ila tangu Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu vya umri wa ndoa mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, mjadala wa sheria hii umezama kwenye umri, na kwa haki kabisa. Wakati wa kuifungua tena, wabunge wafike pia kifungu cha 101: aliyepigwa asipelekwe barazani kumsubiri aliyempiga, na kosa la mjumbe kwenye hati lirekebishwe na mahakama ya kwanza badala ya kufuta haki ya mtu miaka mitatu baadaye. Orodha ya mali nayo iwasilishwe kwa kiapo na wote wawili siku shauri linapofunguliwa, kabla ya mtu kuulizwa nani alimkosea nani.