Viti vya pweza kwenye matangi yetu wanakufa njaa

Kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, akifa kwenye tangi la kioo nyumbani, lawama ya kwanza huangukia maji. Chumvi ilizidi, joto lilipanda, alihamishwa harakaharaka. Mara nyingine ni kweli. Lakini wengi ninaowaona wakifia kwenye matangi ya watu hapa Mombasa, na wengi ninaotumiwa picha zao na wafugaji wa Nairobi na Dubai, walishavuka salama hatari ya maji. Waliishi miezi kadhaa wakipanda kioo na kusifiwa na wageni, kisha siku moja mkono mmoja ukaanza kulegea. Hao wamekufa njaa. Tuseme hivyo waziwazi, hasa kuhusu yule wa buluu, Linckia laevigata, ambaye karibu kila anayeanza tangi la matumbawe humtamani.

Hata hivyo maji yana nafasi yake, na sitaki mtu anielewe vibaya. Kiti cha pweza hawezi kurekebisha chumvi ya mwili wake. Maji ya bahari huingia ndani kupitia kibamba kidogo chenye matundu kilicho mgongoni, na msukumo wa maji ndani ya mwili ndio unaoviendesha vile vimiguu vyote vya chini. Chumvi ya nje ikibadilika ghafla, ya ndani hubadilika nayo, na nyama huanza kuoza angali hai. Sisi wa pwani tunaochota maji wenyewe mtego wetu ni masika. Maji ya mkono wa bahari wa Tudor au Mtwapa baada ya mvua kubwa si sawa na maji ya nje ya mwamba, yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo. Chota maji yakiwa yamejaa, pima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ndipo umimine. Mnyama mgeni mpe maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa uliopigwa fundo, kwa muda wa saa tatu au nne, bila pupa. Na tangi lililowahi kutiwa dawa ya shaba ya kutibu samaki, usimtie kabisa.

Ukishayafanya hayo yote, bado hujamlisha.

Linckia anakula kwa kutoa tumbo nje. Mdomo uko chini, katikati ya mikono mitano. Tumbo hutoka hapo, likatandazwa juu ya jiwe na kunyonya utando mwembamba wa vijidudu, mwani mchanga na mabaki. Baharini anatembea juu ya mwamba usio na mwisho, na anapopaacha utando unaota tena kabla hajarudi. Nyumbani tunampa lita 200 na mawe machache, mara nyingi mawe makavu ya dukani yaliyolowekwa majuzi. Jiwe la tangi jipya ni sahani tupu. Hata kwenye tangi zuri lililokomaa, mnyama huyu anayeweza kufika sentimita 30 kutoka ncha hadi ncha humaliza utando wote haraka kuliko unavyoota. Wafugaji wazoefu husema asiingizwe kwenye tangi lililo chini ya lita 400 na umri wa mwaka mmoja. Mimi naona hata hizo 400 ni za kubahatisha.

Njaa yake haionekani upesi, na hapo ndipo tunapojidanganya. Akiba yake ya chakula imo ndani ya mikono, kwenye tezi zilizopangika kutoka katikati hadi karibu na ncha, na anaila taratibu kwa miezi. Rangi inabaki buluu ileile. Ukitaka kujua hali yake, acha rangi, tazama umbo. Mkono wa aliyeshiba ni wa mviringo na mgumu. Wa mwenye njaa hubonyea upande wa juu, unakuwa bapa, na akiwa kwenye kioo unaning'inia badala ya kushika. Kuna kipimo kingine: mgeuze chali ndani ya maji. Mwenye nguvu atakunja ncha za mikono, vimiguu vitashika mchanga, na baada ya dakika chache atakuwa amejipindua. Dhaifu atalala tu pale alipo. Akifika hapo, kubadilisha maji hakutamwokoa.

Watu humjaribia karatasi za mwani mkavu au vidonge vya chakula chini ya mdomo. Wachache hukubali. Wengi hupita juu yake bila hata kusimama.

Kuna jambo moja kumhusu ambalo wenye matangi wengi hawajawahi kuliona, ingawa liko mbele yao kila siku. Kwenye ncha ya kila mkono, palipokunjwa kwenda juu kidogo, pana doa dogo jekundu. Hilo ni jicho. Mwaka 2014 watafiti Anders Garm na Dan-Eric Nilsson walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa Linckia huyuhuyu wa buluu: waliwasogeza mita moja kutoka kwenye mwamba, na wenye macho wakaufuata mwamba, ila walioondolewa macho wakaenda ovyo. Mnyama asiye na ubongo anautambua mwamba wake kwa macho na kurudi kwenye chakula. Sasa ninapomwona usiku akitembea kioo kizima, kona hadi kona, na mwenye nyumba ananiambia kwa furaha kwamba ni mchangamfu, naamini anautafuta mwamba ambao haupo.

Ndiyo maana kauli ya dukani kwamba "huyu anakula mabaki tu, huna haja ya kumlisha" inaniudhi sana. Muuzaji anayeijua kazi yake angeuliza kwanza tangi lako lina umri gani, akakukatalia likiwa changa. Na karibu kila kiti cha pweza anayeuzwa ametolewa baharini. Mabuu yao huelea wiki kadhaa kabla ya kutua, na hawazalishwi kibiashara kama aina kadhaa za samaki wa mapambo. Akifa wako, wa kujaza nafasi yake ataokotwa mwambani.

Anayependa viumbe hawa ana njia. Wale wenye mikono myembamba inayopindapinda, wanaojificha chini ya mawe na kunyoosha mkono mmoja tu wakati samaki wanalishwa, wanakula mabaki kweli, na huishi miaka mingi. Mwepuke tu Ophiarachna incrassata wa kijani, kwa sababu akikua huvizia samaki usiku. Wapo pia Asterina, wadogo kama ukucha, wanaoingia na mawe na kuzaana kwa kujigawa. Wenye matangi huwang'oa kwa kero, nami nasema waacheni. Utando wa tangi dogo unawatosha.

Yule mwenye vifundo vyekundu wa kwenye majani ya bahari, Protoreaster lincki, habari yake ni nyingine. Anakubali kulishwa: weka kipande cha ngisi au kamba chini ya mkono mmoja, utaona mwili wote ukisogea na kuinama juu yake kama kibanda. Lakini atakula pia sifongo, chaza na matumbawe, kwa hiyo anahitaji tangi lake kubwa lisilo na hayo. Na usimwokote Nyali maji yakikupwa, kwani bahari ile ni hifadhi.

Kama tayari una Linckia nyumbani na mikono imeanza kubonyea, usimrudishe baharini, hata ukiwa unaishi hatua chache kutoka ufukweni. Ameishi na samaki na mawe ya kutoka sehemu nyingine, na hujui amebeba ugonjwa gani. Mtafute mwenye tangi kubwa la miaka mingi, lenye mawe yaliyofunikwa utando, lisilo na kiti cha pweza mwingine, umpelekee mapema, angali anaweza kujipindua.