Homa iliyoondoka ikarudi
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema homa ya mafua kwa mtoto huisha yenyewe ndani ya wiki, mzazi asubiri tu. Kwa wengi ni kweli, ila hilo "asubiri tu" linanitia hofu. Mwanangu alipougua mafua alikuwa na miaka 4. Siku ya nne homa ilishuka, akaanza hata kudai chakula, nasi tukapumua. Siku ya sita ikapanda tena kuliko mwanzo, na kila akivuta pumzi kifua kikawa kinabonyea chini ya mbavu. Nilihesabu pumzi 52 kwa dakika, wakati kwa umri wake kuanzia 40 tayari ni kasi isiyo ya kawaida. Ilikuwa nimonia ya bakteria: virusi vya mafua hujeruhi utando wa njia ya hewa, kisha bakteria kama nyumokoka au stafilokoka, ambao mara nyingi wamejikalia puani kimyakimya, wanashuka mapafuni. Hata vifo vingi vya janga la homa ya mafua la 1918 viliishia kwenye nimonia ya namna hii. Siku ya kwanza, ugonjwa ukiwa bado wa virusi tu, antibayotiki zisingemsaidia kitu (na aspirini mtoto mwenye mafua asipewe), lakini siku ya sita ndizo zilizomwokoa. Nani mwingine ameona homa ikiaga na kurudi hivyo, na mlingoja muda gani kabla ya kumpeleka hospitali?