T ya "water" haina mwenyewe

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba T ni T, kisha anamsikia Mmarekani akisema "water" na kudhani ametamka R. Masikio yake hayajamdanganya. T ikiwa katikati ya irabu mbili, na irabu ya pili haina mkazo, Wamarekani wengi hugusa ufizi kwa ncha ya ulimi mara moja tu, upesi, huku nyuzi za sauti zikiendelea kutetema. Sauti inayopatikana inakaribiana sana na R ya "bara". Ndiyo maana kwa wengi wao "latter" na "ladder" hazitofautiani. Mkazo ukihama, kanuni inakoma: "atom" ina mguso huo, ila "atomic" ina T kamili yenye pumzi. Anayeiga Wamarekani bila kulijua hili hufika mahali akasema "aromic", na hapo haeleweki hata kwao.

London, wasemaji wengi wa mitaani hawatumii ulimi kabisa kwa T ya "water", na Glasgow vilevile. Hufunga nyuzi za sauti kooni kwa nukta ndogo, kisha huziachia. Waigaji huiacha T bila kufunga koo, irabu zikaungana, neno likapotea. India nako, wengi hukunja ncha ya ulimi nyuma ya ufizi, T ikatoka nzito.

Kuziita baadhi ya T hizi Kiingereza kibovu ni kuwahukumu wasemaji, si sauti. Tazama R ya "car". England, kuitamka huchukuliwa na wengi kuwa lafudhi ya shamba. New York mambo ni kinyume: mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliwauliza wauzaji wa maduka 3 makubwa swali ambalo jibu lake ni "fourth floor", na duka la hadhi ya juu ndilo lililoongoza kwa kutamka R. Konsonanti ni ileile, heshima imepinduka.

Kwa hiyo sikio lifundishwe kabla ya mdomo. Mwalimu acheze rekodi za "better" kutoka Chicago, London na Delhi, wanafunzi waandike walichosikia kabla ya kutajiwa neno. Katika kusema, kila mmoja achague lafudhi moja na kudumu nayo. T ya Chicago ikichanganywa na ya London katika sentensi moja, msikilizaji hukosa pa kushika.