Sekunde ya Nyongeza Hutua Saa Tisa Usiku, na Seva Zetu Haziko Tayari

Sekunde ya nyongeza, inayoongezwa mara chache ili saa ziendane na mzunguko wa dunia, huingizwa saa sita kamili usiku kwa saa za UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa. Uganda iko mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo hapa kwetu hutua saa tisa usiku, tarehe 1 Julai au 1 Januari. Wafanyakazi wamelala, lakini mashine ziko katikati ya bekapu na kufunga hesabu za siku. Ikiwa ni Julai, mwaka wa fedha wa serikali umeisha saa tatu tu zilizopita.

Wapo wanaosema suala hili limekwisha. Sekunde ya mwisho, ya 27 tangu 1972, iliongezwa tarehe 31 Desemba 2016, na Novemba 2022 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliazimia kulegeza utaratibu huu ifikapo 2035. Mimi sikubali kwamba tukae tu tukisubiri. Hadi hapo, IERS, taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko huo kule Paris, bado ina mamlaka ya kutangaza sekunde nyingine, na kwa kuwa mzunguko wa dunia umeongeza kasi kidogo, huenda safari hii ikawa ya kupunguza. Hiyo haijawahi kutokea hata mara moja.

Kiini cha shida ni kwamba kanuni ya POSIX, inayofuatwa na mifumo ya kompyuta kama Linux, huhesabu kila siku kuwa na sekunde 86,400. Ile ya 86,401 haina pa kukaa. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, hufanya lililo jepesi: ikifika mwisho wa 23:59:59 hurudisha saa nyuma sekunde moja, na namba ileile ya wakati hupita mara mbili. Programu inayopima muda kwa kutoa "mwanzo" kwenye "mwisho" inaweza kupata jibu hasi. Ndilo lililoipata kampuni ya mtandao ya Cloudflare tarehe 1 Januari 2017: programu yao ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilipeleka namba hasi kwenye kitendakazi kisichoipokea, ikaanguka.

Sekunde ilipoongezwa mwaka 2012, kosa lilikuwa ndani ya keneli yenyewe. Saa ilirudishwa nyuma, lakini vipima muda vya ndani havikuarifiwa. Programu zilizoomba kulala kwa muda mfupi ziliamshwa papo hapo, zikalala, zikaamshwa tena, bila kukoma. Seva za Java na MySQL zilipanda hadi asilimia 100 ya prosesa. Dawa ilikuwa amri moja, `date -s "$(date)"`: kuiweka saa palepale ilipo, ili keneli ilazimike kuviarifu vipima muda vyake.

Kosa hilo lilirekebishwa zamani. Linalonitia wasiwasi zaidi leo ni faili la mipangilio ya kuchukua wakati mtandaoni lenye `time.google.com` mstari mmoja na `africa.pool.ntp.org` mstari unaofuata, kana kwamba ni kitu kimoja. Seva za Google haziruki; huisambaza sekunde hiyo ndani ya saa 24, kuanzia saa tisa alasiri yetu hadi saa tisa alasiri ya kesho yake, kwa kuichelewesha saa takriban sehemu 11.6 kwa milioni. Zile za pool kwa kawaida huruka sekunde nzima mara moja. Usiku ule makundi hayo mawili yatapishana hadi nusu sekunde. Ukiwa na vyanzo viwili vya huku na viwili vya kule, chrony, programu inayosawazisha saa ya seva, haina wengi wa kuwafuata; itaandika `Can't synchronise: no majority` na kuiacha saa ijiendee. Kwa mfumo wa pesa za simu unaopanga miamala kwa mihuri ya wakati kutoka seva kadhaa, nusu sekunde inatosha kuonyesha pesa zimetolewa kabla ya kuwekwa.

Kwa hiyo taasisi ichague kundi moja, na seva zote, pamoja na za hifadhidata na za mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine), zichukue wakati humo. Endesha `chronyc sources -v` kwenye kila mashine uone zinamfuata nani hasa. `chronyc tracking` ina mstari wa `Leap status`; ukisoma `Insert second`, seva imeshapata habari. Ukitumia mpangilio wa chrony wa `leapsectz right/UTC`, unaosoma jedwali la sekunde za nyongeza, hakikisha jedwali lipo: `TZ=right/UTC date -d 'Dec 31 2008 23:59:60'` irudishe 23:59:60, wala si kosa. Anayetumia ntpd, programu nyingine ya kusawazisha saa, aangalie faili la `leap-seconds.list`, kwani lina tarehe ya kuisha muda, na mara nyingi hakuna anayelihuisha.

Kwa waandishi wa programu: muda upimwe kwa saa isiyorudi nyuma. Python ina `time.monotonic()`, Java ina `System.nanoTime()`, na Go hufanya hivyo yenyewe tangu toleo 1.9. Mpangilio wa miamala utegemee namba za mfuatano, si muhuri wa wakati.

Kisha jaribuni. Ndani ya msimbo wa keneli ya Linux, kwenye `tools/testing/selftests/timers`, kuna programu iitwayo `leap-a-day`. Zimeni chrony kwenye mashine pepe ya majaribio, pakieni nakala ya mfumo wenu, halafu endesheni `leap-a-day -s`. Huipeleka saa hadi sekunde 10 kabla ya usiku wa manane wa UTC, kisha huongeza sekunde na kupunguza kwa zamu. Isiguse kabisa seva inayohudumia wateja.