Jumapili bila gari Dar es Salaam

Mtu akiuliza namna ya kuizungukia Dar es Salaam bila gari, wengi humshauri aite teksi kwa simu. Mimi nasema apande mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao maalumu, hadi Kivukoni. Akishuka pale yuko hatua chache tu kutoka soko la samaki la Feri na kivuko cha Kigamboni. Akiamua kurudi kwa miguu kufuata ukingo wa bandari, atalipita Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya zama za Wajerumani. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nayo haiko mbali.

Kuvuka kwenyewe ni matembezi. Mtembea kwa miguu analipa shilingi 200, kiwango kilichowekwa mwaka 2012, na kwa hela hiyo anapata upepo, meli za mizigo zikiingia bandarini, na mji mzima akiutazama kutoka majini. Ng'ambo kuna daladala na bajaji za kumfikisha Mjimwema, kwenye fukwe. Jioni ya Jumapili watu hujaa sana, kwa hiyo mwenye watoto wadogo na aanze safari ya kurudi jua likiwa bado juu.

Kinachonisumbua ni kwamba usafiri wetu wa umma umepangwa kumtoa mtu nyumbani alfajiri, kumfikisha kazini na kumrudisha jioni, basi. Mama lishe wa Mbagala na fundi wa Gongo la Mboto nao wana siku ya kupumzika, nao wangependa kuwapeleka watoto wao wakaione bahari na mambo ya kale. Ukitazama namna vituo vyetu vilivyo, utadhani watu hao Jumapili hawapo.

Chukua stendi ya Makumbusho. Makonda wanaliita jina hilo kutwa nzima, maelfu ya abiria wanashuka na kubadilisha gari pale, na Kijiji cha Makumbusho kiko jirani, umbali wa kutembea. Ndani yake kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania zilizojengwa kama zilivyokuwa vijijini, na ngoma huchezwa. Ni wangapi kati ya wanaoshuka pale waliowahi kuingia? Hapo stendi sijaona kibao cha kumwelekeza abiria. Daladala zetu zina utaratibu mzuri tu: kila moja imeandikwa inakotoka na inakokwenda, na ina mstari wa rangi wa njia yake. Mgeni akifika kituoni ndipo anapokwama, maana ramani hakuna, na njia anaijua kwa kuuliza. Nashukuru kwamba watu wa mji huu wakiulizwa huelekeza kwa moyo. Hata hivyo, si haki tuwaachie wao kazi ya mamlaka.

Kunduchi ni mfano unaoniuma zaidi. Unapanda daladala za Barabara ya Bagamoyo, unashuka Mtongani, na baada ya hapo ni juu yako. Ufukweni kuna mitumbwi ya kwenda kisiwa cha Mbudya, na kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Kutoka barabarani hadi huko unabaki na bodaboda au bajaji, na bei inategemea sura yako. Nimewahi kutajiwa nauli iliyozidi ile niliyolipa kutoka mjini. Familia ya watu watano haiwezi kuimudu, na hapo ndipo wengi wanapogeuza.

Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini, kunafikika kwa urahisi ajabu, kwani gari unalipata palepale Makumbusho. Ukifika, mji mkongwe unautembea kwa miguu: boma la Wajerumani, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 pamoja na makumbusho yake. Magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini mwa mji, na hapo tena ni bodaboda.

Sasa njia ya mwendokasi ya kutoka Maktaba kupitia Mwenge hadi Tegeta inajengwa kwenye Barabara hiyohiyo ya Bagamoyo. Naomba wanaoipanga waweke tangu mwanzo mabasi madogo ya kuingia Kunduchi siku za mapumziko na sikukuu, kwa nauli iliyobandikwa kituoni. Waandike pia kila kituo kiko jirani na nini. Na kile kibao cha Makumbusho hakina haja ya kusubiri mradi wowote. Kinaweza kusimikwa wiki hii.